Kuchoma Kiti

Katika kituo kile cha ambulansi kulikuwa na tabia moja ya hovyo, tena walikuwa wameipa jina kabisa: kuchoma kiti. Gari liko mbioni, mgonjwa anarusha miguu, mhudumu amemaliza kumdunga na boksi la sindano liko upande wa pili. Basi sindano ile yenye damu anaichomeka kwenye godoro la kiti, mara moja tu, ili mikono iwe huru. Akikumbuka, ataichomoa. Asipokumbuka, atakumbushwa na makalio ya mwenzake. Walisimuliana visa hivyo wakati wa chai na kucheka mpaka machozi, kana kwamba homa ya ini na virusi vya ukimwi ni mambo ya watu wengine.

Mmoja tu ndiye ambaye hakuwa akicheka, nao kwa kumkomoa wakambandika jina la Glavu. Alikuwa havui glavu mpaka mgonjwa ateremshwe na damu ifutwe, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko dawa ya kusafishia sakafu. Aligombana na msimamizi mpaka boksi la pili la sindano likafungwa ubavuni mwa kitanda, mahali mkono unapofika bila mtu kunyanyuka. Chanjo ya homa ya ini ilipoletwa kituoni, alisimama mlangoni kuhakikisha kila mtu anakunja mkono wa shati, siku ya kwanza na zile za kurudia. Aliyemponyoka ni mmoja, naye ndiye aliyekuwa akishinda naye garini kutwa nzima.

Huyo alikuwa dereva wake. Kituoni walimwita Rubani, na jina hilo lilikuwa limemvimbisha kichwa; akishika usukani utadhani barabara ni ya baba yake. Siku ya chanjo alisema sindano ni za watoto, akaenda zake kuosha gari. Glavu angempuuza, lakini Rubani alikuwa mume wa dada yake. Zamani walitaniana kama mashemeji wowote. Siku hizi utani ulikuwa umebaki maganda, ndani kumejaa miiba. Glavu alipomsihi dada yake naye akachanje, Rubani alidakia palepale mezani, akasema nyumbani kwake hakuna mtu atakayedungwadungwa ili kumfurahisha mwanamke asiyejua kutulia. Dada akacheka pamoja na mumewe. Glavu akameza.

Siku yenyewe walianza na fundi ujenzi aliyeanguka kutoka juu ya mbao za jengo. Damu ilikuwa nyingi na fundi alikuwa akijitupa huku na huko, lakini Glavu alimtundikia dripu njiani, akamshika kichwa mpaka hospitali. Wakarudi kituoni, wakasafisha gari. Mchana Rubani alijifungia nyuma ya gari na chakula chake, kama kawaida yake. Kila siku alikula peke yake humo, akidai anataka kunyoosha mgongo kidogo. Hata hajamaliza kutafuna, simu ya dharura ikalia. Akatoka nyuma mbio na kurukia usukani, Glavu akaingia nyuma akivaa glavu, gari likachomoka kwa kishindo. Blanketi lililokunjwa juu ya kiti likaanza kuteleza, naye akalidaka kwa kiganja.

Kitu kikamng'ata.

Alijua hata kabla ya kutazama. Glavu ya mpira huzuia damu, haizuii ncha. Alipiga ngumi ukuta wa gari mpaka Rubani akasimama, na ile simu ikapewa gari jingine. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, Rubani alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aanze kazi. Alichupa ndani, akalivamia blanketi, akachomoa kisindano kilichokuwa kimechomekwa humo na kukitumbukiza kwenye boksi, haraka kama mtu anayefukia kitu. Glavu alikiona kwa pembe ya jicho tu. Akili yake yote ilikuwa kiganjani, ambako doa jekundu lilikuwa likitanuka chini ya mpira.

Alikimbilia bombani, akaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, hakuminya wala hakusugua, akaosha tena. Alipogeuka, alimwuliza shemeji yake nani amechoma blanketi.

"Unaniuliza mimi?" alisema Rubani. "Mimi kazi yangu usukani. Si wewe uliyemdunga fundi asubuhi?"

"Sindano ya fundi niliitia kwenye boksi."

"Ndivyo unavyosema. Mtu anakurushia mateke, damu kila mahali, utakumbuka nini? Leo umechoma kiti, Glavu. Kubali yaishe."

Alisema hivyo akitabasamu, na kabla ya jua kuzama kituo kizima kilikuwa na habari. Glavu kachoma kiti. Glavu mwenyewe. Mmoja alimwuliza kama anataka kusimama tena mlangoni, mwingine alimvulia kofia. Alizoea kuchekwa. Kilichomkata maini ni kwamba alianza kujitilia shaka. Aliirudia ile safari kichwani, mkono wake ukienda kwenye boksi, na kila alipoirudia mkono ule ulizidi kufifia, mpaka hakuwa na hakika tena kama ni kumbukumbu au ni matumaini.

Daktari wa hospitali hakumcheka. Alimwanzishia dawa za kinga siku ileile, akamwambia afadhali amewahi. Kisha akamwuliza kama ananyonyesha. Glavu alisema ndiyo.

"Mpumzishe mtoto kwanza," daktari alisema. "Kama ile damu ina virusi na vimekuingia, siku hizi za mwanzo ndizo zinazopitisha kwenye maziwa kwa urahisi. Tukijua damu ni ya nani, na tukampima, tutajua tunafanya nini. Bila hivyo nitakuwa nakudanganya."

Mtoto alikuwa wa kike, hana hata jino. Mchana alilelewa na mama mkubwa wake, yaani huyohuyo dada, ambaye alimnywesha maziwa ya mama yake kwa kijiko. Lakini jioni titi lilikuwa haki yake, na alilidai kwa ngumi. Sasa aliletewa maziwa ya kopo kwenye chupa. Aliyatema. Aligeuza uso, akalia mpaka sauti ikakauka, akimtazama mama yake kama mtu aliyedhulumiwa kitu anachokiona. Glavu alikuwa akijifungia bafuni na kuyakamua maziwa yake kwenye sinki, tumbo limechafuka kwa dawa, akiyaangalia yanavyozunguka na kupotea. Mumewe alikuwa kazini mbali, na kwenye simu hakuwa na la kusema zaidi ya pole. Alimchukia kila mtu siku zile, hata sinki.

Ikabaki kumpata fundi. Alikuwa wodini, mguu umening'inizwa, na mama yake mzazi ameketi kando yake kama mlinzi wa benki. Glavu alipoanza kueleza, mama yule alisimama. Alitaka kujua kwa nini mwanawe apimwe. Kwani wamemwona ana sura ya ugonjwa? Au kwa vile ni fundi, anashinda kwenye vumbi, basi damu yake lazima iwe chafu? Aliuliza kwa sauti ya kuitangazia wodi nzima, na wodi nzima ikageuka. Glavu, mwanamke ambaye hakuwahi kumbembeleza msimamizi wala dereva, alipiga magoti pale sakafuni. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani kwa maziwa, naye hakujifunika. Mama yule aliiona. Hata hivyo alisema hapana.

Fundi ndiye aliyeamua. Alifungua macho, akamwambia mama yake aache, maana huyu dada ndiye aliyemshika kichwa njia nzima. Akanyoosha mkono.

Majibu yalitoka safi. Hakuna virusi, hakuna homa ya ini, hakuna chochote. Daktari alimwambia Glavu aache dawa, aende akamnyonyeshe mwanawe. Hakusubiri kuaga. Alitembea, kisha akakimbia, akafika nyumbani kwa dada yake jasho likimtiririka, akapokelewa na kilio kilekile tangu mlangoni. Dada alimpa mtoto bila salamu. Alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa na lawama. Alisema maziwa ya chupa yamelala tangu asubuhi, ayamwage.

Glavu alifungua friji, mtoto kiunoni, vifungo vya blauzi tayari viko wazi, ili aitoe ile chupa aimwage kwa furaha. Nyuma ya chupa kulikuwa na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na kichupa cha dawa na visindano vifupi vyembamba, vile ambavyo ncha na bomba lake ni kitu kimoja, vyenye vifuniko vya rangi ya chungwa. Garini mwao hamkuwa na sindano za namna hiyo. Hazijawahi kuwamo. Zilikuwa sindano za mtu anayejidunga mwenyewe dawa ya sukari kabla ya kula.

Hapo kile alichokiona kwa pembe ya jicho kikamjia chote. Kilikuwa kidogo. Kilikuwa kifupi. Akamwona Rubani nyuma ya gari, mlango umefungwa, shati limepandishwa, anajidunga tumboni. Kifuniko kimedondoka hajui wapi, sahani i mapajani, basi anakichomeka kisindano kwenye blanketi mara moja tu ale kwanza. Kisha simu ikalia. Damu ya fundi haikuhusika kabisa. Alimpigia magoti mama wa watu bure, na amekuja mbio kumpa mwanawe titi bila kujua lolote.

Akafunga vifungo. Mtoto, aliyekwisha kufungua mdomo, alipiga ukelele.

"Ni mapambo hayo unayaangalia?" dada aliuliza nyuma yake. "Funga friji."

"Shemeji ana sukari?"

Dada akaanza maelezo, kwamba ni jambo la ndani, kwamba Rubani alikataza lisitoke, kwamba dereva wa gari la dharura anayejidunga dawa ya sukari hunyang'anywa usukani. Alikuwa bado anaeleza Rubani mwenyewe alipoingia, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Glavu hakumpa nafasi ya kukaa. Alimwambia ile sindano ni yake.

Rubani kwanza alijitia hamnazo. Alipoonyeshwa mfuko, alibadilika kama mtu anayebadilisha gia.

"Haya, ni yangu. Kwa hiyo? Mimi nina sukari tu, na sukari haiambukizi. Ungefurahi ingekuwa ya mlevi wa barabarani? Nyonyesha mtoto wako, utuondolee makelele."

"Twende ukapimwe, ndiyo ninyonyeshe."

"Sipimwi. Pale maabara wananijua wote. Leo nikitoa damu, kesho msimamizi ana habari za sukari, kesho kutwa nafagia uwanja. Dawa si unazo? Kunywa mpaka ziishe."

Glavu alihisi damu inamchemka mpaka masikioni. Kama si mtoto mikononi, angemrukia. Alisema polepole, kwa sababu akipandisha sauti angelia, na asingekubali Rubani aone chozi lake.

"Uliniona naosha mkono, ukajua. Ukanitangaza kituo kizima kuwa nimechoma kiti. Nimempigia magoti mama wa mtu mbele ya wodi, shemeji, na wewe unajua. Wewe si mgonjwa wa sukari tu. Wewe una roho mbaya."

Rubani alimwambia atoke nyumbani kwake. Dada naye akamgeukia mdogo wake, akamtolea uvivu. Alimwambia tangu utoto anajiona yeye ndiye anayejua, kwamba anataka kuwavunjia nyumba kwa ajili ya kijisindano, kwamba Rubani ni mzima, anamlaza na kumwamsha yeye, na angekuwa na ugonjwa angeshauona. Maneno yalikuwa mengi. Yote yalilazimika kushindana na kilio cha mtoto, na kilio kilikuwa kikishinda. Dada alikuwa amekisikia tangu asubuhi, na jana, na siku zote za chupa. Katikati ya sentensi akakwama.

Akamtazama mumewe. "Kama ni sukari tu, unaogopa nini?"

"Si nimesema? Funguo."

"Funguo," dada alirudia. Aliziangalia pale kidoleni. Kisha akamwangalia mtoto, uso umeiva kwa kulia. "Kesho asubuhi tunaenda wote. Usipoenda, nampigia msimamizi wako mimi mwenyewe, kwa simu yangu." Akamgeukia Glavu, na macho yake hayakuwa na huruma hata chembe. "Wala sio kwa ajili yako. Nimechoka na hiki kilio."

Asubuhi walikwenda, watatu na mtoto. Rubani alitoa mkono wake maabara huku akitazama ukuta. Majibu yalipokuwa tayari, daktari alimwuliza kama wenzake wanaweza kusikia, naye akabetua mabega. Dada alikuwa ameshaingia hata hivyo, hakusubiri kukaribishwa.

Virusi vya ukimwi havikuwamo. Homa ya ini ilikuwamo, ile inayopita kwenye damu na kitandani, tena daktari alisema inaelekea imo mwilini muda mrefu. Rubani alisema mbona hajisikii vibaya. Daktari akamjibu kwamba wengi hawajisikii. Kisha akamgeukia Glavu na kumwuliza kuhusu chanjo. Alikuwa amechanjwa zote, na damu yake ilishapimwa ikaonekana imeshika kinga. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema basi ugonjwa huo umegonga mlango uliofungwa. Anyonyeshe, hapohapo akitaka.

Glavu aliketi kwenye kiti cha mbao cha ukumbini, akafungua vifungo, na mtoto akashika titi kwa hasira, akinyonya huku akiguna, mkono mmoja umeng'ang'ania blauzi. Maziwa yalimtoka Glavu pamoja na machozi. Na ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na furaha nyingine, furaha chafu, ya kumwona Rubani amejiinamia. Aliionja, akajichukia, lakini aliionja.

Rubani hakuomba radhi. Daktari alikuwa amemwambia kwamba suala la sukari na usukani halifichiki tena, akalizungumze mwenyewe kabla hajaweka watu hatarini. Alisimama ukumbini kidogo kama aliyesahau njia ya kutokea, akaziweka funguo za gari kwenye kiti cha jirani na Glavu, akatoka nje bila kumtazama mkewe.

Dada ndiye aliyebaki mlangoni pa chumba cha kutolea damu. Alikuwa ameambiwa apimwe naye, leo hii. Alikuwa hajachanjwa. Alisimama akishikilia mkoba wake kwa mikono miwili, na Glavu akakumbuka kile kicheko cha mezani, na jinsi alivyokimeza badala ya kumvuta dada yake kwa nguvu mpaka kwenye foleni. Angemvuta. Angegombana naye kama alivyogombana na msimamizi kwa ajili ya boksi.

"Umefurahi?" dada aliuliza.

Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, tone la maziwa shavuni. Muuguzi alitoka kumwita dada ndani, lakini dada hakusogea. Alisema hataki kudungwa na mtu asiyemjua. Alikunja mkono wa gauni palepale, akaketi, akamnyooshea mdogo wake mkono.

"Nidunge wewe," alisema. "Na usiniambie pole."

Muuguzi, aliyekuwa akimfahamu Glavu kwa miaka ya kuletewa wagonjwa, alimpokea mtoto, akampisha. Glavu alinawa, akavaa glavu. Alifunga mpira juu ya kiwiko cha dada yake, akaupapasa mshipa wa mkono uleule uliokuwa ukimbeba yeye mgongoni alipokuwa mdogo. Alidunga mara moja, hakukosea. Damu ikapanda kwenye kichupa, nyeusi, nyingi, na dada akaanza kulia bila sauti, mabega yakimruka.

Glavu alichomoa sindano. Kila kitu ndani yake kilitaka kumkumbatia dada yake saa ileile, mikono yote miwili. Alinyoosha mkono kwanza, akaitia sindano kwenye boksi, akasikia imegonga chini. Ndipo akamkumbatia, na dada, akiwa bado na hasira, akamwacha amkumbatie.